Saa tisa usiku 3.1, alfajiri 14.2: hii sukari inashuka au inapanda?

#1 Mhudumu wa Kata (mleta mada)
Wakuu, naomba vichwa vyenu kwenye daftari la mgonjwa mmoja wa mtaani. Amekubali liwekwe hapa bila jina.

Mwanamume, miaka 61, kisukari aina ya pili, mwaka wa 12 sasa. Anachoma insulini ya mchanganyiko, Mixtard 30/70: asubuhi uniti 24, jioni alianzia 16. Sindano ya jioni ni saa kumi na mbili na nusu, chakula saa moja na nusu. Ikifika saa tisa usiku mkewe anamkuta kalowa mto, kola ya fulana na shuka upande wa mgongo. Hatetemeki. Anajibu akiulizwa, ila majibu hayaendani na maswali. Mashine ya sukari inasoma 3.1 (milimoli kwa lita). Anapewa chai ya maziwa ya vijiko vitano vya sukari na vipande vinne vya mkate, analala. Saa kumi na mbili asubuhi mashine inasoma 14.2.

Kliniki wanaiona 14.2 peke yake, kwa sababu daftari lina safu ya "asubuhi" na safu ya "jioni". Saa tisa usiku haina safu. Basi dozi ya jioni imepandishwa 18, kisha 20. Tangu ifike 20, kushuka kumetoka mara moja kwa wiki hadi mara tatu.

Hiyo 14.2 inatoka wapi?

#2 Mzizi wa Ini
Ni ini, mkuu. Sukari ikishuka usiku mwili haukai kimya. Kongosho linatoa glukagoni, tezi za juu ya figo zinatoa adrenalini na kortisoli, na zote zinaliamuru ini lifungue ghala lake la sukari. Ini likishafungua linamwaga kupita kiasi, mtu anaamka na 14. Jambo hili lilielezwa na Michael Somogyi huko Marekani miaka ya 1930, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Dozi ya jioni inatakiwa ipungue. Kuiongeza ni kumsukuma shimoni.

#3 Hesabu za Wanga
Kupunguza dozi nakubali. Sababu yako siikubali.

Somogyi alitoa wazo lake enzi ambazo hakuna aliyeweza kufuatilia sukari ya mtu usiku kucha. Vilipokuja vihisi vya kubandika mkononi vinavyosoma kila dakika chache, ikaonekana wanaoshuka usiku wengi huamka wakiwa chini au kawaida, wala si juu.

Angalia chai ya #1. Kijiko cha chai kilichojazwa mlima kinabeba gramu 6 au 7 za sukari, kwa hiyo vitano ni 30 na ushee. Kipande kimoja cha mkate ni kama gramu 15 za wanga, vinne ni 60. Ongeza maziwa. Unakaribia gramu 100, na mtu mwenye 3.1 alihitaji 15 hadi 20. Tumsingizie ini ya nini wakati kikombe kipo mezani?

#4 Saa ya Sindano
Wote mmeruka insulini yenyewe. Mixtard 30/70 ni insulini mbili ndani ya kichupa kimoja. Asilimia 30 ni ile ya maji maangavu, inaanza kazi ndani ya nusu saa, ina nguvu zaidi saa ya pili hadi ya nne, na ikifika saa ya nane imekwisha. Asilimia 70 ni NPH, ile ya mawingu. Yenyewe inapanda polepole na kilele chake kiko kati ya saa ya nne na ya kumi tangu kuchoma.

Sasa hesabu kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni. Kilele cha NPH kinaangukia saa nne na nusu usiku hadi saa kumi na nusu alfajiri, na saa tisa iko katikati. Chakula cha jioni kimeshaisha tumboni, insulini bado inapiga. Kuanzia hapo NPH inateremka, na wakati huohuo mwili wa kila binadamu unajiandaa kuamka: homoni ya ukuaji na kortisoli zinapanda alfajiri na sukari inapanda nazo. Kushuka usiku na kupanda asubuhi vinaweza kutokea kwa mtu yuleyule bila ini la Somogyi na bila chai ya mama.

Wengine husaidiwa kwa kuvitenganisha: ile ya maji achome kabla ya chakula, NPH achome saa nne usiku anapolala, kilele kisogee karibu na alfajiri. Hiyo inataka vichupa viwili na mtu anayejua kuchanganya. Mwenye Mixtard hawezi kuitenganisha.

#5 Kando ya Ziwa
Lakini #1 amesema anachoma kumi na mbili na nusu halafu anakula saa moja na nusu. Saa nzima! Mixtard ni dakika 30 kabla ya kula. Si hapo penye tatizo?

#6 Saa ya Sindano
Ni kosa na lirekebishwe, ila haliwezi kueleza saa tisa. Kuchelewa kula kungemwangusha saa moja au saa mbili usiku, ambapo ile sehemu ya maji inafanya kazi tumboni hamna kitu. Ukitaka kumjua mwizi tazama saa aliyoingia. Kushuka saa tano asubuhi kunaonyesha insulini ya maji ya asubuhi. Kushuka saa kumi jioni, NPH ya asubuhi. Saa tisa usiku, NPH ya jioni.

#7 Nesi wa Zamu
Kabla hamjafika mbali, tuweke hapa cha kufanya papo hapo, maana kuna mtu atasoma uzi huu saa tisa usiku akiwa na mgonjwa mbele yake.

Chini ya 3.9 ni kushuka, hata kama mtu anajisikia mzima. Kwa mashine inayosoma miligramu, ni chini ya 70. Chini ya 3.0, yaani 54, ubongo umeanza kukosa chakula. Mtu asiyeweza kujihudumia mwenyewe ni hali kali bila kujali namba.

Anayemeza vizuri apewe gramu 15 za sukari ya haraka. Glukosi ya unga ya dukani, kijiko kikubwa kimoja kilichojaa kwenye nusu glasi ya maji. Au sukari ya kawaida vijiko vya chai vinne vya kusawazisha, ikorogwe kwenye maji ya uvuguvugu mpaka iyeyuke. Au soda yenye sukari mililita 150, ambayo haifiki nusu ya chupa ya 350. Au asali kijiko kikubwa kimoja. Subiri dakika 15 kwa saa ya ukutani, usikisie. Pima tena. Bado chini ya 3.9? Rudia gramu 15 zilezile. Ikishapanda, na chakula kijacho kikiwa mbali, mpe kitu cha kukaa tumboni: kipande kimoja cha mkate, ndizi moja, au kikombe cha uji. Kimoja tu kati ya hivyo.

Huna mashine, au vijiti vimeisha? Mpe sukari. Gramu 15 hazimuui aliye juu. Kumwacha aliye chini kunaweza kumuua.

#8 Hesabu za Wanga
Nakazia, na naongeza visivyofaa. Chai ya maziwa inachelewa kwa sababu ya mafuta ya maziwa, tena ni ya moto, mtu anaipuliza dakika kumi. Chokoleti, andazi na chapati ni hivyohivyo, mafuta yanazuia sukari kutoka tumboni. Soda isiyo na sukari haisaidii kabisa, soma chupa kabla ya kufungua. Ugali na muhogo ni chakula cha baadaye.

Kosa kubwa la familia ni haraka. Sukari iliyomezwa inataka dakika 10 hadi 15 ionekane kwenye damu, na dakika ya tano mgonjwa bado analowa jasho, basi wanaongeza soda, wanaongeza chai, wanaongeza mkate. Ikifika dakika ya 40 vyote vinafika pamoja.

#9 Mfamasia wa Usiku
#7 uko sawa, ila weka moja pembeni. Anayemeza akabosi, dawa ya kisukari, sukari ya mezani na soda havitamsaidia upesi, kwa sababu dawa hiyo inazuia utumbo kuvunja sukari ya aina hiyo. Apewe glukosi yenyewe. Na watoto wadogo hawapewi 15. Hesabu ni gramu 0.3 kwa kila kilo ya mwili, mtoto wa kilo 16 ni kama gramu 5.

Turudi kwa mzee wa #1. Kuna neno moja pale mmelipita: HATETEMEKI. Sukari ikishuka dalili zinakuja kwa makundi mawili. La kwanza ni la adrenalini: kutetemeka, moyo kwenda mbio, jasho, njaa ya ghafla. La pili ni la ubongo wenye njaa: ukungu machoni, hasira bila sababu, maneno kupinda, degedege, kuzimia. Jasho bila kutetemeka linanifanya niulize, anameza dawa ya presha gani? Propranololi na atenololi zinatuliza moyo na mikono, jasho haziligusi.

Leteni orodha yote ya dawa zake, hata za homa na za miti shamba.

#10 Mhudumu wa Kata (mleta mada)
Ahsanteni. Nimepitia mfuko wake wa dawa mbele ya mkewe. Atenololi miligramu 50 asubuhi. Amlodipini ya presha miligramu 10. Metformini ya kisukari miligramu 500 mara mbili. Na glibenklamidi miligramu 5 mara mbili, asubuhi na jioni. Alikuwa nayo kabla ya insulini na hakuna aliyeiondoa. Pia mkewe anasema miguu inavimba jioni, ukibonyeza kidole shimo linabaki.

#11 Mfamasia wa Usiku
Mkuu, hapo ndipo moto ulipo.

Glibenklamidi inalilazimisha kongosho kutoa insulini, awe amekula au hajala. Inadumu siku nzima, na mabaki yake yanatoka kwa figo. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi kwamba haifai kwa waliovuka miaka 60. Gliklazidi, ya kundi hilohilo, ndiyo inayopendekezwa. Mtu akishaingia kwenye insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku, kwa kawaida dawa ya kundi hili huondolewa. Mzee huyu anapigwa na insulini mbili kila usiku: ya sindano na ya kongosho lake mwenyewe.

Na hiyo miguu apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo. Figo ndizo zinazosafisha sehemu kubwa ya insulini ya sindano. Zikichoka, uniti 16 za mwaka jana zinakuwa na nguvu ya 22 mwaka huu. Watu wengi hushangilia sukari inapoanza kushuka yenyewe baada ya miaka ya kupanda, wanadhani kisukari kinapona, kumbe ni figo.

#12 Mzizi wa Ini
Miguu kuvimba kwa anayemeza amlodipini miligramu 10? Hiyo ni dawa inavimbisha, jambo la kawaida sana. Usimtishe mke wa watu na figo kabla ya kipimo.

#13 Mfamasia wa Usiku
Inaweza kuwa amlodipini. Ndiyo maana nimesema apimwe. Kreatinini na protini kwenye mkojo, vyote viwili. Metformini nayo inahitaji kipimo hichohicho.

#14 Kando ya Ziwa
Naomba kuuliza, na akiwa amezimia kabisa? Hospitali iko mbali, usiku, pikipiki hakuna.

#15 Nesi wa Zamu
Mlaze kwa ubavu, goti la juu likunjwe mbele, kichwa kiinamishwe kidogo nyuma ili njia ya hewa iwe wazi na mate yatoke nje. Usimimine kitu chochote mdomoni. Soda na uji vinaingia mapafuni, na mapafu yaliyojaa uji yanaua baada ya sukari kuwa imeshapona. Usimwekee kijiko kati ya meno akiwa na degedege.

Ipo sindano ya glukagoni, miligramu 1 kwenye msuli wa paja. Kwenye maduka mengi ya huku haipatikani. Na kwa aliyekunywa pombe au aliyeshinda njaa siku nyingi haifanyi kazi vizuri, kwa sababu inategemea akiba ya ini na akiba haipo.

Hospitalini ni dripu. Glukosi ya asilimia 10, mililita 150 hadi 200, inapandisha taratibu. Ile ya asilimia 50 ni nzito, inaunguza mshipa ikitoka nje. Na huyu mwenye glibenklamidi akizinduka ASIRUHUSIWE kurudi nyumbani saa ileile. Inaweza kumwangusha tena baada ya saa sita, na tena kesho yake. Anahitaji kupimwa kila saa moja au mbili kwa siku nzima, pengine zaidi.

#16 Pwani Kusini
Dada Nesi, na asali kwenye fizi? Pwani tunafanya hivyo, mtu kalazwa ubavu, unachovya kidole unapaka ndani ya shavu.

#17 Nesi wa Zamu
Sishauri kwa mtu mzima aliyezimia. Ngozi ya ndani ya shavu hainyonyi sukari ya kutosha, inayosaidia ni ile aliyomeza, na aliyezimia hamezi.

#18 Dokta wa Mlimani
Hapo kuna ubishi halali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa tiba ya watoto unaruhusu sukari chini ya ulimi pale dripu inapochelewa: kijiko cha chai kimoja, kiloweshwe kwa matone ya maji, na kurudiwa kila baada ya dakika kumi hadi ishirini. Kwa mtoto mwenye malaria kali kwenye zahanati isiyo na dripu ni msaada wa kweli. Kwa mtu mzima ushahidi ni mwembamba. Mimi ningepaka kidogo, kidogo sana, huku usafiri unatafutwa. Nesi asingepaka. Kumlaza ubavu tunakubaliana wote.

#19 Fundi Sindano
Kabla ya figo na ini, nani ameiona sindano anayotumia?

Insulini za hapa ni U-100, uniti 100 kwenye mililita moja. Lakini bado zinazunguka bomba za U-40, kifuniko chekundu. Ya U-100 ina kifuniko cha rangi ya chungwa. Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 mpaka alama ya 16, umevuta mililita 0.4, yaani uniti 40. Mara mbili na nusu!

Hata bomba sahihi lina mtego. Kwenye bomba la nusu mililita kila kistari ni uniti 1. Kwenye bomba la mililita nzima kila kistari ni uniti 2. Aliyezoea dogo akipewa kubwa na akahesabu vistari 16, amechoma 32. Mwambie avute mbele yako, usimwambie akueleze.

Na kichupa chenyewe. Sehemu ya mawingu inatuama chini kama lishe kwenye uji. Kizungushwe kati ya viganja mara kumi, kipinduliwe juu chini mara kumi, mpaka kiwe cheupe sawasawa kama maziwa. Kisitikiswe kwa nguvu, kinatoa povu na povu linakula dozi. Asiyezungusha anachoma ya maji wiki za mwanzo, halafu mwisho wa kichupa anachoma NPH tupu iliyojikusanya. Muulize mke: kushuka huku kunazidi kichupa kikikaribia kuisha?

#20 Kando ya Ziwa
Fundi umetisha. Hiyo NPH kirefu chake nini?

#21 Fundi Sindano
N ni "neutral", yaani haina asidi wala alkali. P ni protamini, protini ya mbegu za samaki dume inayoishika insulini isiachiwe haraka. H ni Hagedorn, daktari wa Denmark aliyeitengeneza na wenzake. Samaki yuko ndani ya kila kichupa cha Mixtard, ndugu yangu.

#22 Dokta wa Mlimani
Tukirudi kwa mzee: mpapase tumbo na mapaja. Anayechoma sehemu moja kwa miaka anaota kinundu laini cha mafuta. Wanapapenda kwa sababu hapaumi. Insulini ikichomwa kwenye kinundu inanyonywa leo kidogo, kesho nyingi. Halafu siku anapobadilisha na kuchoma ngozi nzima dozi ileile inaingia yote, anaanguka. Akihamishwa kwenye ngozi nzima dozi ishushwe pia, na apimwe zaidi wiki hiyo.

Joto pia. Kichupa kilichokaa kwenye bati la jua kinapoteza nguvu, sukari inapanda, dozi inaongezwa. Mwezi unaofuata kinakuja kichupa kipya kizima, dozi imebaki ileile kubwa. Pasipo na friji, chungu ndani ya chungu na mchanga wenye maji katikati kinatosha kukipoza, mradi kichupa kiwe ndani ya mfuko kisilowe.

#23 Bi Tende
Assalamu alaykum. Naona Ramadhani haijaguswa na watu wa Mixtard wanafunga.

Kutoboa kidole hakufunguzi, tupime mchana bila hofu. Ikiwa chini ya 3.9 fungua saa hiyohiyo, hata ikiwa zimebaki dakika kumi adhana. Tende ndogo kavu tatu ni kama gramu 15, zile kubwa laini moja inatosha. Anayetumia mchanganyiko mara mbili kwa siku, ile dozi kubwa ya asubuhi huhamia futari, na ya jioni huhamia daku ikiwa imepunguzwa robo hadi nusu. Hilo lipangwe na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Daku iliwe karibu na alfajiri. Kulala bila daku na insulini mwilini ni hatari. Mzee kama huyu, anayeshuka mara tatu kwa wiki, asifunge.

#24 Pwani Kusini
Shikamoo Bi Tende. Na wale wanaoambiwa wana jini? Mtu anapiga kelele usiku, anasukuma watu, hamjui mkewe, asubuhi hakumbuki. Anapelekwa kwa mganga.

#25 Bi Tende
Marahaba. Pima kwanza. Kidole kimoja, sekunde tano. Ikisoma 2.4 mpe sukari, na akitulia ndani ya robo saa mmeshajua.

#26 Nesi wa Zamu
Na anayenuka pombe vilevile. Watu wanamwacha alale "aamke na akili zake". Pombe inalizuia ini lisitengeneze sukari mpya, kushuka kunaweza kuja usiku wa manane au kesho yake asubuhi, saa nyingi baada ya glasi ya mwisho. Mlevi mwenye kisukari apimwe kama mtu mwingine yeyote.

#27 Mfamasia wa Usiku
Ongezeni kwenye orodha: Septrin (ya bakteria) na flukonazoli (ya fangasi) zinaipa glibenklamidi nguvu. Kwinini inalichochea kongosho, na malaria yenyewe inakula sukari, hasa kwa mjamzito. Karela, lile tunda chungu la kushusha sukari, juu ya dawa za hospitali ni dozi ya ziada isiyo na kipimo. Na zile za nguvu za kiume za mitaani zisizo na lebo: Singapore mwaka 2008 walilazwa watu wasio na kisukari kabisa, sukari imeshuka vibaya, ikakutwa glibenklamidi ndani ya vidonge. Muulizeni mzee faragha, bila mkewe.

#28 Kando ya Ziwa
Kuna watu wanatetemeka mashine inasoma 7. Ni mbovu?

#29 Dokta wa Mlimani
Mara nyingi mashine ni nzima. Aliyekaa miezi kwenye 18 mwili wake umeizoea, akiteremshwa haraka hadi 7 anahisi yuko chini. Asipewe soda; ale kwa wakati, ateremshwe taratibu. Kinyume chake ni aliyezoea kushuka: kengele yake imechoka, anafika 2.5 akiwa anaongea na kucheka. Akikingwa asishuke kabisa kwa wiki mbili tatu, kengele kwa kiasi fulani inarudi. Kwa huyu wa #1, jasho linaweza kuwa ndiyo kengele ya mwisho iliyobaki.

#30 Mama Shughuli
Nimesoma yote na hakuna aliyeuliza alikula nini. Uniti 20 zilipangwa kwa sahani gani? Nyumba nyingi sahani ya tarehe 5 si sahani ya tarehe 27. Insulini haipungui mwisho wa mwezi, ugali unapungua. Muulizeni mkewe usiku ule wa 3.1 kililiwa nini, muulize na kama alilima siku ile. Jembe la mchana linaendelea kuvuta sukari hadi usiku.

#31 Hesabu za Wanga
Mama Shughuli hilo ni zito kuliko hesabu zangu zote. Tarehe za kushuka zipo, mkuu?

#32 Mhudumu wa Kata (mleta mada)
Zipo. Wiki mbili zilizopita: tarehe 19, 22, 24, 26, 27, 29. Mkewe anasema kuanzia tarehe 20 jioni walikuwa wanakula uji wa dona na mboga. Lakini tarehe 19 walikula wali na maharage vizuri, na bado 3.3. Bomba ni la mililita nzima, kifuniko cha chungwa, amevuta mbele yangu sahihi. Kichupa hazungushi. Kinundu kipo, kushoto kwa kitovu, ukubwa wa ndimu.

#33 Fundi Sindano
Kichupa kilifunguliwa lini?

#34 Mhudumu wa Kata (mleta mada)
Tarehe 7. Tarehe 29 kilikuwa kimebaki kidogo sana.

#35 Mzizi wa Ini
Hivi vyote vinaeleza 3.1. Kuhusu 14.2 bado nasimama na ini, mpaka nione usiku mmoja asiopewa chai.

#36 Saa ya Sindano
Na mimi nasimama na NPH kuisha. Usiku huohuo utatuamulia.

#37 Dokta wa Mlimani
Usiku wa majaribio usifanyike kwa kumwacha chini. Kesho arudi kliniki na tarehe hizo. Mambo mawili yasisubiri kipimo: glibenklamidi waijadili iondoke, na jioni irudi 16 au chini yake, maana kushuka usiku kwa kawaida kunataka dozi ikatwe asilimia 10 hadi 20, na 20 yenyewe ilitokana na kuisoma 14.2 peke yake. Asiache insulini yote kwa hofu. Kisha apime usiku tatu: saa nne, saa tisa, saa kumi na mbili. Vijiti tisa. Akishuka, glukosi gramu 15 kwenye maji, kipande kimoja cha mkate, basi.

#38 Mhudumu wa Kata (mleta mada)
Tumepima glukosi kwa kijiko kilekile watakachotumia, vifurushi sita vya karatasi, viko kwenye kopo la mfuniko kando ya kitanda pamoja na chupa ya maji. Nimechora safu ya tatu kwenye daftari kwa rula: "saa tisa usiku". Kliniki ni Jumanne, namsindikiza. Nitaleta namba hapa.

#39 Nesi wa Zamu
Mkewe anawe mikono yake na amnawishe mzee kidole kabla ya kutoboa, amkaushe. Vumbi la glukosi likibaki kwenye ncha ya kidole, mashine itasoma 9 kwa mtu mwenye 3.